Mkwaruzo wa Redio Yetu ya Mbao

Sumbawanga, Jumanne alasiri

Mwanangu Gaudensia,

Umekwenda Izia kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia upesi. Atakupikia, atakulilia kidogo, kisha atakupikia tena. Kwa hiyo nina muda. Nimeketi kwenye meza ya kazi, redio ya yule mwalimu nimeisogeza pembeni na mlango wa barabarani nimeurudishia, watu wadhani nimetoka. Barua hii nitaiweka chini ya blanketi ndani ya sanduku lako. Wewe si mtu wa kufungua sanduku njiani, basi utaikuta ukishafika Dar es Salaam. Nimetaka iwe hivyo. Sina moyo wa kukaa mbele yako ukiisoma.

Habari za nauli, za nguo na za kujihadhari na watu zimekwisha kusemwa na bibi yako, tena kunizidi. Mimi nataka kujibu swali lako.

Jumamosi iliyopita uliishika ile spika ya inchi sita, ukaikandamiza karatasi yake kwa vidole viwili taratibu kama nilivyokufundisha, ukasema kwamba kwenye karatasi za chuo wameandika mtajifunza kupima jinsi spika inavyoipotosha sauti. Kisha ukaniuliza: "Hivi, Baba, kwa mtu anayesikiliza redio nyumbani kwake, huo upotovu unamdhuru nini?" Mimi nikainama kutafuta bisibisi chini ya meza. Ukacheka, ukasema, "Baba, si hiyo mkononi?" Nikacheka na mimi, na swali likapita. Lakini wewe si mtoto wa kusahau swali. Nami nimelala nalo siku tatu.

Nianze na ninachokijua, kwa kuwa cha ufundi ni rahisi kukisema.

Nilijifunza kwa Bruda Yohana, kule misheni, nikiwa kijana wa kufagia karakana ya useremala. Alikuwa na kisanduku kilichotoa mlio mmoja tu, mwembamba, kama filimbi inayopulizwa na mtu asiyechoka. Siku moja alikiunga kwenye spika na kuniambia nisikilize. Akaanza kwa sauti ndogo, ukatoka mlio ule ule. Akaongeza nguvu. Mlio ukabaki, lakini juu yake ukatokea mwingine mkali zaidi, ambao yeye hakuuingiza. Baadaye akaingiza milio miwili kwa pamoja, nasi tukasikia na wa tatu.

"Huyu wa tatu katoka wapi?" akaniuliza. Nikasema sijui. Akagonga karatasi ya spika kwa ukucha. Akaeleza kwamba karatasi hii ikisukumwa kidogo huenda na kurudi kwa kadiri ilivyosukumwa. Ikisukumwa sana hufika mahali ikakataa. Ukizidisha nguvu mara mbili, yenyewe haiendi mara mbili. Pale inapokataa ndipo inapoanza kutunga mambo yake, na sisi tunayasikia kama mkwaruzo. Alisema kila spika duniani hufanya hivyo, tofauti ni kiasi. Tangu siku hiyo sikuweza tena kusikiliza redio kama watu wengine. Mtu akitangaza habari, mimi nilimsikia yule wa tatu.

Hilo lisingekuwa na ubaya kama lisingenipa sifa. Wewe ulikuwa mdogo bado, pengine hukumbuki, lakini wakati vijiji vipya vinaanzishwa kuliletwa vikundi vya kusikiliza redio, elimu ya watu wazima. Katika kijiji kimoja cha njia ya Matai walifungiwa spika ya tarumbeta juu ya nguzo, na watu wapatao mia walikaa chini kwenye nyasi kusikiliza. Wanawake wakawa nyuma kama kawaida, na wanawake ndio waliotakiwa kusikia habari za kuchemsha maji. Hawakusikia neno. Karani wa kata aliongeza sauti mpaka mwisho, ikawa kelele tupu. Nikaitwa. Nilipunguza sauti, nikaongeza spika ya pili upande wa nyuma, ili kila moja isukumwe kidogo. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akageuka akaniambia, "Sasa anasema na mimi." Basi. Nikaitwa fundi wa sauti safi kutoka Matai mpaka huku mjini. Nikalibeba jina hilo kama cheo.

Pale kijijini upotovu ulidhuru, hilo ni kweli, uandike kwenye daftari lako. Watu mia kwenye uwanja wenye upepo, na spika moja inayosukumwa kupita uwezo wake, maneno yanakufa. Kosa langu ni kwamba nililichukua jambo la uwanjani nikaliingiza nyumbani mwangu, kwenye chumba chenye watu watatu.

Mama yako alikuwa na tabia ya kuimba pamoja na redio. Akisonga ugali wa ulezi, mwiko ulikwenda na wimbo, na maneno asiyoyajua aliyajazia yake. Alikuwa na sauti nzito kidogo kwa mwanamke, ya kutoka kifuani. Mimi nikikaa pale na kijitabu changu nikitafuta ni wapi karatasi inapokwaruza, nilimwambia, "Felista, hebu nyamaza kidogo nisikie." Naye alinyamaza. Nilimwambia hivyo mara nyingi sana, Gau. Siwezi kuzihesabu. Siku moja aligeuka na mwiko mkononi, akaniambia bila hasira, "Wewe unasikiliza spika. Sisi wenzako tunasikiliza redio." Wewe ulicheka ukajipaka ugali shavuni. Mimi nikaona hajui ufundi.

Alipougua, walimpeleka hospitali kubwa ya Mbeya kwa lori la Mzee Salumu, yule mwenye duka pale kona baada ya soko. Hilo unalikumbuka. Unakumbuka pia barua aliyotuma mwezi wa pili wake kule, kwa kuwa wewe ndiye uliyenisomea kwa sauti, umesimama juu ya kigoda. Aliandika kwamba watu wa redio walipita wodini na mashine ya kunasa sauti, kila mgonjwa akasalimu kwao, na salamu za wodi yao zingesikika Jumamosi ya wiki inayofuata, saa tisa alasiri. Uliisoma barua hiyo mara nne. Bibi akasema usome na ya tano.

Usilolijua ni nililolifanya Jumatano yake.

Jumatano nilikaa na redio yetu ya mbao kusikiliza habari. Aliyesoma alikuwa mwanamke. Kila alipofika penye neno la nguvu, sauti ilipasuka kidogo, pale pale chini ambapo sauti ya mama yako ilikaa. Ni kitu kidogo. Wewe usingekisikia, na bibi angesema ninaota. Lakini nilifikiri: sauti yake itatoka mbali kote huko, ipite Dar es Salaam, ivuke nchi nzima, halafu ije iharibikie hapa mezani kwangu, kwangu mimi fundi wa sauti safi? Nikafungua ubao wa nyuma.

Karatasi ya spika ilikuwa imelegea ukingoni. Niliibandua, nikaiweka sawa, nikaipaka gundi, na Alhamisi nikaiacha ikauke. Ilikuwa Julai. Unajua Julai ya hapa, upepo unateremka kutoka milima ya Mbizi na maji ya kunawa yanauma vidole. Ijumaa gundi ilikuwa bado mbichi. Jumamosi asubuhi bado. Nikawasha jiko la mkaa, nikaishika spika juu yake kwa mbali, nikiizungusha kama mtu anayechoma hindi. Nikasogeza karibu kidogo. Kisha karibu tena. Karatasi ikajikunja upande mmoja na kuwa kahawia, na nilipojaribu kuinyoosha, ule waya wa koili inayoisukuma karatasi, mwembamba kama unywele, ukakatika ndani, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Ilikuwa imebaki kama robo saa kufika saa tisa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Juu ya rafu, nyuma yangu, ilikuwapo redio ya Bwana Ambakisye, karani wa posta. Nilikwisha kuitengeneza, ilikuwa nzima, inamngoja mwenyewe. Ilikosa betri tu. Betri zetu nne, nilizozinunua kwa kupanga foleni ushirika tangu alfajiri, zilikuwa mezani. Kuzihamisha ni kazi ya dakika moja. Niliitazama. Nikasema moyoni, hapana, spika ya karani inakwaruza kuliko hata yetu, sitaki Felista atoke kwenye kitu kile. Nikarudi kuhangaika na koili. Dakika kumi nzima niliihangaikia koili iliyokufa, huku redio nzima iko mgongoni mwangu.

Nikasikia sauti yako na ya bibi mnakuja. Sikutaka mnione nimeiua redio. Nikairudisha spika mahali pake, nikazitia betri, nikafunga ubao kwa skrubu mbili. Uliingia umevaa lile gauni la kanisani, na uso umepakwa mafuta, kana kwamba mama yako angekuona. Ukakaa kwenye kigoda. Nikazungusha kitufe. Kimya. Bibi akaniuliza kulikoni.

Nikasema, "Betri."

Neno moja tu. Sikusema ni nani aliyezimaliza. Lakini wewe ulisimama, macho yakakutoka, ukasema, "Ni mimi, Baba. Jumapili nilicheza muziki kule uani mpaka mwisho."

Na mimi nikanyamaza.

Bibi akasema, "Twendeni basi dukani kwa Salumu, ana redio." Nikasema muda hautoshi. Haikuwa kweli, ungekimbia ungefika. Ila kule dukani nilikuwa nikiicheka redio ya Mzee Salumu mbele ya wateja wake, naiita debe, na sasa ningeingia kwake na familia yangu kuomba kusikiliza debe. Wewe hukungoja tumalize. Ulitoka mbio upande wa kanisani, kwa mlinzi wa ghala la ushirika, kumwomba betri za tochi.

Ulipotoka, nilibaki na bibi yako na redio ya karani juu ya rafu. Na kwa mara ya kwanza ndipo nilipoona nilichojifanyia. Nilikuwa nimekwisha kusema betri. Nikizitoa betri zile na kuzitia kwenye redio ya karani, italia, na bibi atajua, na wewe ukirudi utajua. Ili uongo wangu wa neno moja usimame, ilibidi redio nzima ikae kimya pia. Nikaiacha ikae kimya. Niliketi nikitazama mlango wakati mama yako anasema.

Ulirudi na betri mbili, pumzi zimekukatika, gauni lina vumbi mpaka kiunoni. Nikazipokea. Nikatoa mbili zetu, nikatia zako, nikazungusha kitufe mbele yako hali najua spika imekufa. Nikasema, "Na hizi nazo zimelala." Bado nasikia jinsi nilivyolisema, kwa upole, kama mtu anayemfariji mtoto.

Baadaye kidogo akaja Mzee Salumu mwenyewe, ameacha duka wazi, anacheka toka barabarani. "Fundi, umemsikia mkeo? Kasema vizuri, kama yuko hapo kaunta!" Bibi akapiga vigelegele huku analia. Tukamkalisha, tukamwambia aeleze. Akaeleza: kamsalimu mume wake fundi, kamsalimu mkwewe, kamsalimu Gaudensia, kasema anaendelea vizuri, kakohoa kidogo, kaomba radhi kwa kukohoa. Yote hayo aliyapata kwenye debe lake. Hata kikohozi. Nilimuuliza kama sauti ilikwaruza. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Alikuwa Felista, fundi. Nikwambie nini tena?"

Hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu. Nyumbani, mtu akisema na watu wake, huo upotovu haudhuru kitu. Spika mbovu huongeza kisichokuwapo, lakini kilichopo haikichukui, isipokuwa umeizidishia nguvu mno. Kwenye chumba kidogo huna sababu ya kuizidishia. Sikio linayatupa makwaruzo lenyewe na kubaki na mtu. Mkiyapima chuoni, mtayaona kwenye sindano ya mita, na yatakuwa ya kweli. Jifunze kuyapima. Ila mimi nimeyajua miaka yote hiyo, na ujuzi wenyewe ndio ulioninyima.

Kuna jambo jingine ambalo ulilijua nusu. Mwaka mmoja baada ya mazishi ya mama yako, Mzee Salumu alileta shehena ya viatu dukani. Nilipita kununua sabuni. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi vile viatu mlivipata?" Nikasema viatu gani. Akasema siku ile redioni Felista alitaja viatu vya mtoto vya komunyo, kwamba kavificha kwenye kihenge, chini ya ulezi. Yeye siku ile aliona ni jambo dogo, furaha ikampitisha. Nilirudi nyumbani nikaingiza mkono kwenye kihenge mpaka begani. Vilikuwamo, vyeupe, vimefungwa kwa gazeti. Nilikwambia nimevikuta tu, na ulipovijaribu kisigino kilibaki nje. Komunyo ulikwisha kuipokea Pasaka, peku, katikati ya watoto wenye viatu, na ulinishika mkono ukaniambia sakafu ya kanisa si baridi sana.

Mzee Salumu alikuwa mtu mwema na alitupa nusu ya maneno. Debe lake lingetupa yote.

Nilijaribu kuyatafuta. Bwana Ambakisye alinisaidia kuandika barua kwa watu wa redio, kuuliza kama mkanda wa siku ile upo. Alikuwa na mwandiko mzuri, na aliandika kwa heshima nyingi. Jibu lilichukua miezi. Walijibu kwa upole kwamba mikanda ya salamu haitunzwi, hufutwa na kunasia wengine. Basi nikawa namwendea Mzee Salumu. Kila mwaka ilipofika Julai nilikwenda nikamwomba anisimulie tena. Mwaka wa kwanza alisema Felista alikohoa mara moja. Mwaka wa tatu alisema alicheka. Nilimuuliza kuhusu kicheko, akasema hana hakika, pengine alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Mzee mwenyewe tulimzika masika haya. Sasa hakuna mtu hapa mjini aliyemsikia Felista.

Wakati mwingine nakaa nikijaribu kuikumbuka sauti ya mama yako akiimba, na ninachokipata ni mimi nikisema hebu nyamaza kidogo.

Lakini haya ni yangu, ningeweza kubaki nayo. Kilichonikalisha kuandika ni wewe.

Tangu siku ile hujacheza muziki. Nilidhani ni msiba, kisha nikadhani ni ukubwa. Ukawa mtoto wa kuzima redio habari zikiisha. Ukaanza kuzianika betri zilizokufa juu ya bati, kama watu wote wanavyoanika zipate nguvu kidogo, lakini wewe ulizianika kila siku ya jua, ukazigeuza mchana, ukazianua jioni kabla ya umande. Mwenzio mmoja alikutania kwamba mjukuu wa Bibi anaanika betri kama dagaa. Uliendelea kuzigeuza. Na mimi, Mungu anisamehe kama anaweza, nilikusifia. Nilisema mbele ya wateja, "Huyu wangu hapotezi betri." Niliona unavyoinamisha kichwa, nikadhani ni haya ya kusifiwa.

Juzi nilimwambia bibi yako kwamba redio ya mbao uende nayo wewe. Jana akanijibu kwamba umekataa. Nikauliza kwa nini, huko ugenini si ingekufaa? Bibi akasema: "Kasema mpe mtu mwingine. Kasema yeye aliwahi kummaliza mama yake kwa betri."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini.

Miaka minane, Gau. Ulikuwa na miaka tisa, na umekibeba mpaka kumi na saba. Mimi nilikuwa napita kando yako kila siku, nakuomba unishikie taa, nakufundisha kulehemu, nakuona hodari. Sikukosa nafasi ya kusema. Kila asubuhi ilikuwa nafasi. Mwanzoni niliogopa bibi angenidharau. Kisha mama yako akafa, na nikaogopa wewe ungenichukia nami sina mwingine. Kisha muda ukawa mrefu, na nikajidanganya kwamba umesahau. Mtoto alikuwa anaanika betri mbele ya macho yangu na mimi nikasema amesahau.

Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuandika ombi hilo mara mbili na karatasi nimezichoma, kwa sababu najua ungenisamehe haraka mno, kwa desturi yako ya kuchukua mizigo ya watu, na msamaha huo ungekuwa kazi nyingine niliyokutwisha. Wala sitarajii kwamba kujua kutakurudishia kitu. Kucheza kwa mtoto wa miaka tisa hakurudi ukiwa na kumi na saba. Mama yako alisema na wewe siku ile, na wewe hukusikia, na hilo halina fundi.

Ile karatasi ya spika iliyoungua, niliyoitoa kwa siri nilipotia spika nyingine, ninayo. Niliificha juu ya dari, ndani ya mkebe wa maziwa. Nimeikunja ndani ya bahasha hii. Itazame ukingo wa kushoto, utaona palipobabuka, na katikati utaona ncha ya waya iliyokatika. Wewe ni fundi sasa, huhitaji kuliamini neno langu, unaweza kusoma mwenyewe.

Na leo mchana, ulipoondoka, nilipanda kwenye bati nikazishusha betri zako. Zilikuwa kumi na moja, za moto kwa jua. Nilizipima moja moja kwa mita. Hazina kitu hata moja. Nimezifukia nyuma ya uzio, ukirudi likizo usizitafute.

Kesho tutakusindikiza stendi mimi na bibi. Nitabeba sanduku, nitasema maneno ya kawaida, na wewe hutajua kilichomo. Ukiniona sikutazami usoni, utakuja kuelewa baadaye.

Limebaki moja. Asubuhi ile walipomleta mama yako kutoka Mbeya, lori lilifika alfajiri, giza bado, ukungu umeshika njia yote. Tulitoka kumpokea, na wewe ndiye uliyeshika tochi. Ulisimama nyuma ya lori ukawamulikia wanaume wakimteremsha. Ukaniambia, "Baba, hii tochi inawaka sana." Ukaniuliza betri nimezipata wapi. Nikasema nimeazima.

Nilizitoa kwenye redio yetu, Gau. Ndizo zile za Jumamosi. Ziliwaka mpaka jua likatoka.

Ni mimi baba yako, niliyekaa kimya.